Pamba ya Ujerumani

“Kesho usitoke nje kabisa. Mtu wa Butiama asikuone. Mama yako akijua mapema tutakuwa tumeharibu kila kitu. Jumamosi nakuja.”

Inspekta Hilda Masatu aliirudisha sauti ile mwanzo, akaisikiliza tena. Simu ilikuwa juu ya meza yake kituoni Musoma, kioo kimepasuka, pembeni pana damu iliyokauka. Mwenye simu, Clementi, mwalimu wa Kijerumani wa mtaa wa Kitaji, alikuwa amelazwa hospitalini hajitambui tangu Jumatatu.

“Huyo ndiye tunayemwonea huruma, afande,” alisema Koplo Wambura akiwa amesimama mlangoni. “Kumbe ndugu wa binti walikuwa sahihi. Kamficha.”

“Sahihi kwa kupasua kichwa cha mtu?”

“Sijasema hivyo.”

“Basi sema unachokijua.”

Walichokijua kilikuwa hiki. Nyamburi, binti wa Butiama, alisoma Kijerumani kwa mtandao kwa mwalimu Clementi mwaka mzima. Mwezi wa kwanza akaagwa kwa Misa na ngoma, akapanda basi la Dar es Salaam, na kwa maneno yake mwenyewe akavuka hadi Ujerumani kusomea uuguzi. Kila baada ya siku chache mama yake alipata ujumbe wa sauti kutoka kwake kupitia simu ya kaka yake, Matiko. Halafu, wiki tatu zilizopita, ujumbe ukakoma. Laini haikupatikana tena. Kule kijijini mtu akasema wasichana wanauzwa, mwingine akasema ameshakufa. Jumatatu Matiko alishuka Kitaji na wenzake wawili, wakamkuta mwalimu barazani kwake. Wale wenzake walikuwa wametoroka. Matiko hakukimbia.

Hilda alikuwa ameshaandika barua kwenda kampuni ya simu kuomba mawasiliano ya ile laini. Majibu yasingekuja haraka. Na daktari alishasema asubuhi, bila kuzunguka, kwamba mwalimu hana muda mrefu.

“Ujumbe huu katuma kwa nani?” aliuliza Wambura.

“Kwa mtu aliyemwandika ‘Anna’. Nimempigia kwa simu yangu, hapokei. Sasa nisikilize vizuri. ‘Mtu wa Butiama asikuone.’ Ujerumani kuna mtu gani wa Butiama atakayemwona?”

Wambura akasogea mezani, akaitazama ile simu.

“Kama Anna ndiye Nyamburi,” alisema Hilda, “basi yuko mahali ambapo mtu wa Butiama anaweza kupita. Niletee Matiko.”

Matiko aliletwa na pingu mikononi. Alikuwa kijana mfugaji mwenye mabega mapana, na vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimechubuka. Alikaa kabla hajaambiwa akae.

“Amekufa?” aliuliza.

“Bado. Omba asife. Jumatatu ulimwuliza nini?”

“Nilimwuliza dada yangu yuko wapi. Kwa heshima, afande. Nilimwita mwalimu. Nilikuwaga namheshimu yule.”

“Akajibu nini?”

“Eti yuko salama, ila si yeye wa kuniambia yuko wapi. Eti nimpe wiki moja.” Matiko aliinamia meza. “Wiki moja ya nini? Ya kumpeleka mbali zaidi? Nikampiga. Akarudia yuko salama. Nikampiga tena. Mtu anajua dada yako alipo na anakataa kusema, wewe ungefanyaje?”

“Ningekuja kituoni.”

“Tulikuja. Mama alikuja. Tuliambiwa tusubiri majibu.”

Hilda aliliandika hilo kwenye daftari. “Anna unamjua?”

“Anna gani?”

Macho yake hayakucheza. Hamjui, Hilda aliamua. Alichukua simu ya Matiko iliyohifadhiwa kama kielelezo, akamwomba amwonyeshe ujumbe wa mwisho wa dada yake. Sauti ikatoka, nyembamba, ya msichana anayejitahidi kuchangamka: “Shikamoo mama. Huku theluji imeisha, miti imeanza kutoa majani. Watu wanatembea wamevaa makoti mepesi. Mimi mzima. Msalimie kaka.”

Hilda na Wambura walipotoka nje, mama yake Matiko na Nyamburi alikuwa palepale kwenye benchi, alipokaa tangu Jumanne. Jina lake Bhoke, mwanamke mrefu mwenye kitenge kilichofungwa vizuri kana kwamba anakwenda kanisani. Aliinuka.

“Umempata?”

“Bado, mama.”

Akakaa tena.

Kwenye darasa la Clementi, mwanafunzi pekee aliyekuwa mkazi wa Kitaji alikuwa Marieta, muuguzi wa zahanati ya binafsi, nyumba chache kutoka kwa mwalimu. Aliwapokea sebuleni, macho yamevimba kwa kulia.

“Tulianza wengi, afande. Mwanza, Tarime, mpaka Dodoma. Sasa tumebaki wa kuhesabu. Kusoma lugha ya watu kwa simu si mchezo. Mwalimu akifika tu kwenye kitenzi, mtandao unakata. Ukirudi wenzako wameshajibu, wewe unabaki kuitikia ‘ja, ja’ kama kasuku. Mimi nasomeaga bafuni. Nikisomea hapa watoto wananiiga, na mume wangu anauliza nagombana na nani.” Alitaka kucheka, kicheko kikageuka. “Lakini Clementi hakuwahi kumwacha mtu nyuma. Ukikosa kipindi, anakurekodia chote.”

“Anna ni nani?”

Marieta aliutazama mlango kwanza.

“Aliingia mwezi wa pili. Kamera hawashi. Anakotoka hasemi. Wengine walidhani ni mke wa mkubwa fulani.”

“Na wewe ulidhani nini?”

“Mimi…” Alishusha pumzi. “Nyamburi alikuwaga anasumbuliwa na ‘l’. Sisi wa ziwani haitupi shida, lakini watu wa kule juu, ‘l’ na ‘r’ kwao ni mapacha. Shule kwa Kijerumani ni Schule. Yeye atasema Schure. Mwalimu anamrudisha, anasema Schure tena, halafu anajicheka kwa pua. Siku Anna alipofungua mdomo mara ya kwanza, akasema Schure. Akajicheka kwa pua.”

“Ukanyamaza?”

“Niseme nini, afande? Nyamburi nilimsindikiza mwenyewe mpaka kwenye basi. Na mtu aliyeko Ujerumani anatafuta nini kwenye darasa la kujiandaa kwenda Ujerumani? Nikasema masikio yangu ndiyo mabovu.”

Wambura alimtazama Hilda. Swali la Marieta ndilo lililokuwa limekosekana kwenye jalada lote.

“Vile vipindi vilivyorekodiwa unavyo?” aliuliza Hilda.

Marieta alikuwa navyo vyote. Walikaa mezani watatu, wakavisikiliza kimoja baada ya kingine. Hilda hakuelewa neno, lakini alipoisikia sauti ya Anna hakuhitaji kuelewa. Aliuweka ujumbe wa theluji, akaweka Anna, akaweka tena theluji. Pumzi ni ileile. Namna ya kuvuta neno la mwisho ni ileile.

“Ni yeye,” alisema Wambura. “Sasa yuko wapi?”

Marieta aliendelea kutafsiri. Kujitambulisha. Chakula. Familia. Kila mwanafunzi akizungumza, nyuma yake palikuwa na maisha yake, kuku, watoto, redio ya jirani. Nyuma ya Anna palikuwa kimya. Alijifunza kuzima kipaza sauti mara tu akimaliza sentensi. Saa ikaenda. Wambura akaanza kupiga miayo. Ndipo kikaja kipindi cha wiki iliyotangulia.

“Hapa mwalimu anamuuliza kila mtu anaona nini dirishani kwake,” alisema Marieta. “Mimi nilisema naona nguo za watoto. Huyu hapa Anna. ‘Ich sehe Rastwagen.’ Naona malori. ‘Die Rastwagen bringen Baumworre.’ Malori yanaleta… hilo neno la mwisho hatukulijua. Nilimuuliza mwalimu maana yake. Msikilize.”

Kwenye kinasa Clementi alikaa kimya muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akasema jambo kwa haraka na kumwita mwanafunzi mwingine.

“Kasema nini?”

“Kasema neno hilo halimo kitabuni, tuendelee. Haikuwa tabia yake. Ukimuuliza neno, yeye angekueleza mpaka ukimbie.”

“Baumwolle,” alisema Hilda polepole, akiweka ‘l’ mahali pa ‘r’. “Huna kamusi?”

Marieta alitafuta kwenye simu. Akainua uso.

“Pamba.”

“Ujerumani wanalima pamba?” aliuliza Wambura.

“Kwenye theluji?” Hilda alikuwa ameshasimama. “Msimu umefunguliwa. Malori ya pamba yanapita mbele ya dirisha la mtu kila siku. Wapi, Wambura?”

“Bunda, afande. Kiwandani.”

“Twende.”

Njiani Wambura aliendesha kwa kasi ambayo Hilda asingemruhusu siku nyingine. Alikuwa ameshamaliza kesi kichwani: mwalimu alimrudisha binti kwa siri, akampangishia chumba, akamfungia. Asirudi kwao, asionekane. Ujumbe wenyewe unasema usitoke nje.

“Na ile wiki moja?” aliuliza Hilda.

“Ya kumhamisha. Kama alivyosema Matiko.”

“Inawezekana.” Hilda alitazama mbele. “Kama kamfungia, na yeye ndiye mwenye ufunguo, leo ni Ijumaa. Tangu Jumatatu hakuna aliyemfungulia.”

Wambura akaongeza mwendo.

Mbele ya kiwanda cha kuchambulia pamba malori yalikuwa yamejipanga mpaka barabarani, na nyuzi nyeupe zilikuwa zimenasa kwenye kila mti na kila waya. Upande wa pili palikuwa na nyumba za kupangisha. Hilda hakutaka kubisha hodi kila mlango. Alimwendea muuza duka, akanunua maji, akauliza kama kuna msichana mpangaji anayeongea peke yake kwa lugha isiyoeleweka.

“Mwalimu Anna?” Muuza duka alicheka. “Yupo pale kwa mama Getruda, anafundishaga watoto tuisheni. Mlokole sana yule. Jioni akianza kunena kwa lugha, hata sisi huku tunasema amina.”

Getruda, mama mwenye nyumba, aliwatazama sare zao kwanza, kisha nyuso.

“Kafanya nini mwanangu?”

“Hajafanya kitu, mama. Kuna mwanamume anakuja kumwona?”

“Mwalimu mwenzake. Huja Jumamosi na samaki, sato wa kukaanga. Anakaa hapo barazani na daftari. Ndani haingii hata mvua inyeshe.”

“Ni yeye aliyemfungia?” alidakia Wambura.

“Kumfungia nani? Ufunguo anao mwenyewe. Hata sasa komeo liko kwa ndani. Tangu Jumatatu hafungui, watoto nimewarudisha makwao. Nikiweka uji mlangoni, unalala. Nilikuwa natafuta wa kuuvunja huo mlango.”

Wambura alirudi hatua nyuma. Kesi aliyokuwa ameimaliza njiani ilikuwa imemponyoka, na ilionekana usoni.

Hilda akasogea mlangoni. Alibisha. Hakuna kilichojibu.

“Nyamburi,” aliita.

Ndani kitu kilianguka, kama kikombe cha plastiki.

“Naitwa Hilda Masatu, ni polisi kutoka Musoma. Sikuja kukukamata. Mama yako yuko kwenye benchi kituoni kwetu tangu Jumanne. Haendi nyumbani.”

Alisubiri. Lori lilipita, likafuatiwa na jingine. Kisha komeo likasogea.

Msichana aliyefungua alikuwa amebaki mifupa na macho. Kuta nyuma yake hazikuonekana rangi. Zilifunikwa vipande vya karatasi vyenye maneno ya Kijerumani, ukutani, kabatini, mpaka kwenye fremu ya dirisha. Hata katika hali ile alipiga goti kidogo.

“Shikamoo.”

“Marahaba. Nani amekufungia humu?”

“Hakuna mtu. Ni mimi.” Aliangalia nyuma ya Hilda, kana kwamba anamtafuta mwingine. “Mwalimu ndiye amewatuma? Hajaingia darasani wiki nzima. Nimempigia, simu imezimwa. Najua amenichoka.”

“Kaa kwanza. Nieleze tangu mwanzo.”

Alikaa kwenye godoro. Aliongea akitazama mikono yake.

“Mtihani wa mwezi wa kwanza nilifeli. Kuandika niliweza, kusikiliza niliweza. Nilipoingia chumba cha kuongea, mtahini akaniuliza jina langu, ulimi ukanikauka. Jina langu, afande! Kwa simu nilikuwa naongea vizuri, naona kitufe cha kuzima. Pale hapakuwa na kitufe. Bila cheti hakuna viza. Na mimi nilishaagwa. Padri ameniombea, wazee wamenitemea mate ya baraka. Nilipanda basi la kurudi. Lilipofika Bunda nikashuka na sanduku langu. Miguu ilikataa kwenda mbele.”

“Na theluji?”

“Iko kwenye kitabu. Somo la hali ya hewa.”

“Clementi alijua?”

“Nilimpigia yeye peke yake. Alikuja siku hiyohiyo, akaniambia nikaseme ukweli nyumbani. Nikamwangukia miguuni. Nikamwapisha kwa msalaba huu kwamba hatamwambia mtu mpaka nifaulu.” Alishika rozari shingoni. “Mwezi wa sita nimefeli tena. Palepale, kwenye kuongea. Nikatupa ile laini ya nyumbani, sikuwa na uongo mwingine wa kumwambia mama. Mwalimu akasema sasa basi, tunakwenda Butiama wote wawili, mama asikie kutoka kinywani kwangu, si kwa watu wa mnadani. Tungekwenda Jumamosi hii.”

“Kwenye simu alikwambia kesho usitoke nje.”

“Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Watu wa kwetu wanaletaga ng’ombe hapa.”

Hilda alimtazama Wambura. Koplo alikuwa ameinamisha kichwa. Wiki moja aliyoomba mwalimu ilikuwa imepata maelezo yake, na hayakuwa na uhalifu ndani yake hata chembe.

“Nyamburi,” alisema Hilda. Hapakuwa na njia nzuri ya kulisema. “Kaka yako alidhani umeuzwa. Jumatatu alikwenda kwa mwalimu kumuuliza uko wapi. Mwalimu hakusema. Matiko amempiga vibaya sana. Yuko hospitali, hajitambui. Matiko yuko mahabusu.”

Msichana alimkodolea macho kama mtu anayesubiri sentensi itafsiriwe.

“Hakusema?” aliuliza hatimaye. “Si angesema tu! Angesema Bunda. Ni neno moja!”

Akainuka, akaanza kutafuta viatu, akivaa cha kulia mguu wa kushoto. “Nipelekeni. Nikiongea naye atanisikia. Sauti yangu anaijua. Nipelekeni sasa hivi.”

Walikuwa wamepita Kiabakari simu ya Wambura ilipolia. Aliegesha pembeni, akasikiliza, akasema “sawa, daktari,” na hakuirudisha simu mfukoni. Hilda, aliyekaa nyuma na Nyamburi, aliuona uso wake kwenye kioo. Hakutaka kumficha. Binti huyu alikuwa ameshaona uongo wa huruma unachozaa.

“Mwalimu Clementi amefariki,” alisema.

Nyamburi alifungua mlango wa gari, akatapika kando ya barabara, na kwa kuwa tumboni hapakuwa na kitu, alitapika maji matupu. Hilda alimshika mgongo mpaka akamaliza. Walipoendelea na safari, msichana alianza kunong’ona. Hilda alidhani anasali. Alipotega sikio akasikia neno moja likirudiwa tena na tena, Schule, Schule, Schule, na kila mara ‘l’ ilitoka safi kabisa.

Kituoni, Bhoke aliwaona wakishuka. Aliinuka kwenye benchi, akashika ukuta. Halafu akaja, akamshika binti yake uso kwa mikono miwili.

“Umekonda,” alisema. “Ulaya hawalagi?”

“Mama, nisamehe. Mama…”

Sauti ile ilipenya ndani. Kutoka mahabusu likasikika teke la furaha kwenye mlango wa chuma.

“Nyamburi! Ni wewe? Wamekurudisha! Si niliwaambia? Niliwaambia, jamani, yule mtu akibanwa atamtoa! Nyamburi!”

Askari wote kaunta walitazama chini. Nyamburi alijitoa mikononi mwa mama yake, akaenda mpaka kwenye nondo. Hilda alimfuata hatua moja nyuma.

“Sikuwahi kwenda, kaka.”

Matiko alikuwa bado anacheka. “Hukwenda wapi?”

“Ulaya. Nilifeli mtihani. Nilikuwa Bunda.”

“Bunda?” Alilitamka kama jina la nchi asiyoijua. “Bunda hii?”

“Hii hii. Nilijificha mwenyewe. Yeye nilimwapisha asiseme.”

Kicheko kilimtoka Matiko usoni kidogo kidogo. Alimtazama dada yake, kisha Hilda, kisha vidole vyake vilivyochubuka.

“Mwalimu aliniambia yuko salama,” alisema.

“Ndiyo,” alijibu Hilda. “Amefariki leo mchana, Matiko. Shtaka limebadilika. Maelezo yako nitayachukua upya, na una haki ya kuwa na wakili kabla hujasema neno lolote.”

Matiko aliteremka taratibu, mgongo ukikwaruza ukuta, mpaka akakaa sakafuni. Bhoke alikuwa amesogea, na alikuwa amesikia yote.

“Afande,” alisema, akimgusa Nyamburi bega. “Huyu naruhusiwa kwenda naye nyumbani?”

“Huyu ndiyo, mama. Kesho nitamhitaji kwa maelezo.”

Bhoke hakuuliza juu ya yule mwingine. Alilegeza kitenge chake, akakaa chini kwenye saruji, mgongo ameuegemeza kwenye zile nondo upande aliokaa mwanawe, na kwa mkono mmoja akamvuta binti yake akae naye. Saa ya kufunga kaunta ilifika ikapita. Hapakuwa na askari aliyethubutu kumwambia ainuke.